Helgoland, Juni 2024: siku sita na wapangaji wa yavuyavu

Nimerudi Unguja tangu juzi, na kabla sijamaliza kuitikia salamu za majirani nimeshaulizwa mara tatu nilikwenda kufanya nini Helgoland, kisiwa cha baridi cha Ujerumani kwenye Bahari ya Kaskazini. Basi nayaandika yote mahali pamoja. Tarehe nimezitoa kwenye daftari lililoloa maji ya chumvi, bei kwenye risiti, na mengine kwenye picha za simu, ambazo nusu yake ni kidole changu.

Nasomea vijidudu vya bahari kaskazini mwa Ujerumani, na nilipewa siku sita za kukusanya bakteria wanaoishi juu ya miili ya mayavuyavu. Ndiyo, yule yule konyeza anayetuwasha tukioga. Pia jamaa yake wa mbali asiyewasha, ambaye mimi namwita yavuyavu-chanuo, kwa kuwa ana safu nane za vijinywele zilizopangwa mwilini kama meno ya chanuo. Hizo safu ndizo makasia yake.

Jumatano, 12 Juni. Bremen hadi Cuxhaven

Niliondoka alfajiri na begi la nguo na boksi jeupe la kuhifadhia ubaridi. Ndani ya boksi mlikuwa na visahani 60 vya agari, mgandisho unaotengenezwa kwa mwani, niliokoroga kwa maji ya chumvi na chakula cha bakteria. (Si mwani wa Paje na Jambiani, ule hutoa karajinani. Huu ni wa jamii nyingine.) Boksi lile nililipakata kama mtoto mchanga.

Treni ikasimama katikati ya mashamba. Spika ikataja hitilafu za ishara za reli, ikaomba radhi, ikanyamaza. Dakika arobaini na tano tukatazamana na ng'ombe. Nilipofika bandarini Cuxhaven nikiwa nahema, meli nilikuwa nikiiona kwa nyuma.

Kwa atakayekwenda: meli huondoka asubuhi, kama saa nne na nusu, na ikikuacha hiyo, huenda ukalala. Usipange treni itakayokufikisha nusu saa kabla. Ukiwa na ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, ambayo wakati huo ilikuwa yuro 49, treni za mikoani hutolipia kitu, ila treni za mwendo kasi hazimo. Dirishani walinibadilishia tiketi ya meli kwa kesho yake bila maneno mengi.

Shida yangu haikuwa kulala, ilikuwa visahani. Jua lilikuwa limetoka, na visahani vikipata joto hutoa jasho chini ya kifuniko, tone likianguka limeharibu. Nikamwendea mama mmoja aliyekuwa akiuza mikate ya samaki kwenye kibanda karibu na gati, nikamwuliza kama ana nafasi kwenye friji. Akauliza ndani mna nini. Nikamwambia chakula cha bakteria. Alinitazama, akatazama samaki wake, akanitazama tena. "Hakina bakteria bado?" Bado, nikamwambia, na nikamwapia. Akalisukumiza boksi rafu ya chini kabisa, mbali na samoni, akaandika kwa kalamu nene juu yake: SI CHAKULA.

Mkate wa samaki yuro 6.50. Wa pili alikataa hela. Tulipokuwa tunakula akaniambia amewahi kusikia mayavuyavu wanaua samoni wa kufugwa. Ni kweli. Novemba 2007 kundi kubwa la mayavuyavu wa zambarau liliingia kwenye vizimba vya samaki Ireland ya Kaskazini, na samoni zaidi ya laki moja wakafa. Baadaye watafiti wakichunguza mayavuyavu wa aina hiyo waliwakuta na bakteria aitwaye Tenacibaculum maritimum, ambaye huozesha ngozi na mashavu ya samaki. Yaani yavuyavu anachoma, kisha kidonda anamwachia mpangaji wake. Mama alitafuna kimya kidogo, halafu akasema hilo asingependa liandikwe kwenye ubao wa bei zake.

Kitanda hosteli, yuro 42, chumba cha watu wanne, mmoja akikoroma kama mashine ya boti.

Alhamisi, 13 Juni. Baharini, na mzee wa 1890

Saa mbili na robo za bahari. Mimi ni mtoto wa Nungwi, mjomba wangu ni mvuvi, na nilitapika mara mbili. Upepo ulikuwa wa ubavuni. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya kibaharia akaniletea peremende za tangawizi na kunielekeza nitazame upeo wa macho, si sakafu. Nilipopata nafuu akauliza kwetu wapi.

"Zanzibar."

Akapiga paja. "Tulibadilishana!"

Haya ndiyo mazungumzo niliyokuwa nikiyangoja tangu Bremen. Nikamwambia, mzee wangu, mtu habadilishi asichokuwa nacho. Mkataba ulitiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890. Mwingereza alimpa Mjerumani Helgoland. Mjerumani akaacha madai yake ya Witu, pwani ya Kenya ya leo, na akakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Mwingereza. Unguja haikuwa ya Mjerumani hata siku moja. Sultani Ali bin Said alikuwa hajatimiza miezi mitano tangu akalie kiti. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye kazaliwa Helgoland, na babu zake nao hakuna aliyewauliza. Tukala peremende zilizobaki.

Kisiwa hukioni kidogo kidogo, kinatokea ghafla: jabali jekundu limesimama wima juu ya maji ya kijani, na kwenye ncha yake nguzo ya jiwe ya mita 47 wanayoiita Lange Anna. Kisiwa kikubwa ni kama kilomita moja ya mraba. Magari binafsi hayaruhusiwi, na baiskeli nazo wageni hawaruhusiwi. Mizigo inavutwa kwa vigari. Hakuna ushuru wala kodi ya mauzo, kwa hiyo nusu ya abiria walikuwa wamefuata sigara, pombe na manukato, na saa kumi meli ilipoondoka nao kisiwa kikapumua. Ukiweza, lala. Kisiwa cha mchana na cha jioni ni viwili.

Kutoka mji wa chini hadi wa juu ni ngazi zaidi ya 180, au lifti ya malipo madogo. Na boksi mikononi nilichukua lifti.

Kituo cha utafiti, Biologische Anstalt Helgoland, kilifunguliwa 1892, miaka miwili tu baada ya ule mkataba. Huwa natabasamu nikifikiria hilo: wanajeshi walitaka ngome, na wenye vyandarua vya kuvulia vijidudu wakaingia mlango huo huo. Nilipewa meza, ufunguo wa chumba cha baridi na kiti kinachoyumba.

Ijumaa, 14 Juni. Gololi ndani ya ndoo

Siku ya kazi yenyewe. Tulitoka asubuhi na boti ya kituo, Aade. Kati ya kisiwa kikubwa na kile kidogo cha mchanga, Düne, kuna mahali wanapochota maji kila siku ya kazi tangu 1962: joto, chumvi, virutubisho, vijimea. Katika muda huo maji ya pale yamepanda joto zaidi ya nyuzi moja na nusu. Siku ile ndoo ilisoma nyuzi 13. Nahodha akaniuliza kwetu ni ngapi. Nikamwambia ikifika 24 tunasema kusi limekuwa kali. Akatikisa kichwa kwa huzuni, sijui alimhurumia nani.

Wavu unavutwa polepole mno, na ukiwa na haraka utapata uji. Wako mayavuyavu-chanuo wasiostahimili wavu kabisa. Bolinopsis, mpana na mwepesi kama karatasi ya plastiki, lazima umkinge kwa jagi juu ya maji, na wa kwanza niliyemwona aliachana vipande vipande mbele ya macho yangu kwa wimbi la jagi tu. Pleurobrachia ni mgumu zaidi. Huyu ni wa mviringo, hafikii komwe mbili, angavu kama gololi. Ana nyuzi mbili ndefu za kuvulia zenye chembe za gundi badala ya sumu. Tulipata kama arobaini. Ukiiinua ndoo kwenye mwanga, zile safu nane zinapita rangi zote za upinde wa mvua, kutoka juu kushuka chini, bila kukoma. Watu wengi husema "anawaka". Hawaki, huyu hana mwanga wake mwenyewe. Ni vijinywele vinavyopiga na kuvunjavunja mwanga wa jua.

Sasa kazi. Mililita moja ya maji ya bahari, kama moja ya tano ya kijiko cha chai hivi, ina bakteria kama milioni moja. Ukimtoa mnyama majini na kumpaka kwenye kisahani, utajuaje nani ni mpangaji wa mwili ule na nani ni mpita njia aliyeketi barazani? Unamwosha. Nilipanga mabakuli matatu ya maji ya bahari yaliyochujwa kwa kichujio cha tundu dogo kuliko bakteria, kisha yakachemshwa kwa mvuke na kupozwa hadi nyuzi 13 zile zile. Kijiko kinachovywa kwenye spiriti, kinapitishwa motoni, kinapozwa. Unamteka gololi wako na maji machache iwezekanavyo, unamshusha bakuli la kwanza, unahesabu thelathini. Anakunja nyuzi zake kwa hasira. La pili. La tatu. Ukimwosha kidogo, umechukua bahari. Ukimwosha sana, ute wake unatoka, na ute ndio nyumba yenyewe. Bakteria wengi wamo kwenye ule utando unaoteleza, si ndani ya nyama, maana nyama yenyewe karibu yote ni maji. Nusu ya siku ilikwisha kwenye kutafuta huo mpaka.

Halafu unapaka: kisahani cha mnyama, kisahani cha maji ya bahari tupu, kisahani cha maji ya bakuli la tatu. Hicho cha mwisho ndicho shahidi wako. Kikijaa, kazi yote ni bure. Wanyama wengine niliwatia kwenye vichupa vyenye dawa ya kuhifadhi vinasaba, kwa sababu kwenye agari bakteria wa bahari walio wengi hawaoti kabisa, hata mmoja katika mia. Kisahani kinakuonyesha waliokubali uji wako. Wengine utawajua kwa vinasaba.

Jioni kisiwa kizima kilikuwa mbele ya televisheni: Ujerumani na Uskoti, ufunguzi wa Kombe la Ulaya. Tano kwa moja. Nilikunywa chai ya maziwa katikati ya bia na kulala nikinuka spiriti.

Jumamosi, 15 Juni. Beroe

Siku ya Arafa. Nilifunga, na kwa atakayefunga kaskazini mwezi wa Juni: jua linazama karibu saa nne usiku. Daku langu lilikuwa mkate na mayai manne, na nilijuta kutokula sita.

Saa mbili asubuhi nikafungua chumba cha baridi. Jana yake, kwa uvivu, nilikuwa nimemtia mnyama mmoja wa mwisho kwenye ndoo moja na Pleurobrachia kumi na wawili niliowabakiza. Alionekana mpole, kifuko kirefu cha waridi hafifu, hana hata nyuzi. Jina lake Beroe. Nikahesabu gololi: tisa. Nikahesabu tena. Ndipo nikamwona yeye amelala chini, tumbo limetuna, na ndani yake, wazi kabisa kupitia ngozi, mviringo mmoja ambao safu zake zilikuwa bado zinapepea rangi.

Beroe kazi yake ni kula mayavuyavu-chanuo wenzake. Anamfungulia mdomo mzima na kummeza. Hilo lipo kwenye kila kitabu cha somo langu na nilishalijibu kwenye mtihani. Msimamizi wa chumba alicheka mpaka akaketi.

Lakini ajali ile ilinipa swali zuri kuliko mpango wangu. Mla akimeza mliwa na wapangaji wake wote, je, anahamiwa? Kuna utafiti uliochapishwa 2015 uliofanywa kwa wanyama wa maji haya haya ya Helgoland, aina nne za mayavuyavu-chanuo. Kwa Pleurobrachia walitawala bakteria wa jenasi Pseudoalteromonas na Psychrobacter. Kwa Beroe alitawala Thalassospira, wa ukoo mwingine kabisa. Kwa Mnemiopsis, yule mgeni kutoka Marekani ambaye huku hujaa mwishoni mwa kiangazi, ni Marinomonas. Maji ni yale yale, bandari ile ile, na anayekula hakuishia kufanana na aliyeliwa. Kila mwili unachagua wake, au wao wanauchagua. Mimi nilikuja nikidhani nitakuta bahari imenata juu ya gololi. Nikamwosha Beroe na tumbo lake, nikampa visahani vyake, na pembeni nikaandika: "Amekula. Kosa langu."

Mchana nilivuka kwenda Düne kwa boti ndogo, kama yuro 6 kwenda na kurudi. Pwani yake nyeupe imejaa sili waliolala kama magunia. Kaa mbali nao mita 30. Wana meno, na kuna mabango. Kwenye mstari wa maji kujaa nilikuta mayavuyavu wa bluu, Cyanea lamarckii, rangi ya nili, wengine wabichi, wengine wa jana. Wa jana alikuwa ameshakuwa maji ya ukungu yenye harufu. Yavuyavu akifa hufumuka haraka, na bakteria wa majini huvamia ule utamu na kuongezeka kwa saa chache. Sehemu kubwa ya chakula kile huishia kwenye pumzi zao, samaki hapati kitu. Niligusisha kijiti cha pamba juu ya mgongo wa mmoja aliye mbichi. Glavu ilikuwa na tundu, na kidole kikawaka mpaka magharibi. Huyu anawasha, jamani, hata akiwa mchangani.

Nikampigia mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umepata hao wadudu wa konyeza?"

Nikamweleza kwamba kila konyeza ana wake. Akanyamaza, nikasikia redio nyuma yake. "Chini ya konyeza nawajua watoto wa kolekole wanaojificha," akasema. "Hivi na juu nako kumepangishwa?"

Jumapili, 16 Juni. Idi

Hakuna msikiti Helgoland. Nilivaa kanga yangu ya sikukuu juu ya suruali mbili na kwenda kituoni kuangalia visahani. Vilikuwa vimeanza kutoa vitone kama chunusi. Njiani, mlango wa nyuma wa mgahawa mmoja, kijana wa jikoni aliyekuwa akimenya viazi akaniona mtandio akasema "Idi mubarak" kabla sijamfikia. Msyria. Akaingia ndani, akatoka na kahki mbili zenye tende, zilizotumwa na mama yake kutoka Hamburg. Tulikula tumesimama kati ya mapipa ya takataka, na ile ndiyo sikukuu yangu yote, na ilitosha.

Mchana ulikuwa wa kuandika lebo, sina la kusimulia.

Usiku saa nne watu wanajipanga ukingoni mwa jabali kutazama makinda ya ndege weusi kwa weupe, wanaofanana na pengwini wadogo, wakiruka. Hayajui kupaa. Yanajirusha tu, makumi ya mita, na chini majini baba zao wanayaita. Beba koti zito na nenda mapema. Pembeni yangu alisimama mtafiti kutoka Kiel, na bila kuacha kutazama makinda akanihadithia kwamba huko kwao waliwaondolea bakteria polipu wa yavuyavu wa kawaida, Aurelia. Polipu ni yule mchanga anayeishi ameganda kwenye jiwe, kisha hujikata visahani-visahani, na kila kisahani kikaogelea kuwa yavuyavu. Waliponyang'anywa bakteria wao, kazi ya kujikata iliharibika na watoto wakapungua. Basi hawa wapangaji wanalipa kodi.

Jumatatu, 17 Juni. Kuhesabu, na kurudi

Niliamka saa kumi na moja nihesabu kabla ya meli. Shahidi, kisahani cha bakuli la tatu: vitone vinne. Nilikibusu kifuniko. Kisahani cha maji ya bahari: kila namna, vyeupe, vya manjano, kimoja cha chungwa, kingine kimetambaa kama ukungu. Visahani vya Pleurobrachia: karibu vyote aina moja ya kitone, laini, rangi ya tui zito, kingo zimekatwa sawa, kama vile mtu mmoja amedondosha kwa mkono mmoja. Vya Beroe aliyeshiba havikufanana na hivyo. Vitone vidogo, vikavu, na vichache. Jina la yeyote kati yao sitalisema kwa kutazama rangi. Hilo litatoka kwenye vichupa.

Hesabu ya safari: meli ilinigharimu zaidi ya yuro 60, malazi ya kisiwani ndiyo yaliyoumiza, chakula kilikuwa nafuu kwa kuwa nilipika, na siku moja nilifunga. Wakati wa kiangazi weka nafasi ya kulala wiki kadhaa kabla. Na tangawizi beba mwenyewe.

Bahari ilikuwa shwari, sikutapika. Cuxhaven yule mama alikuwa anafunga kibanda. Aliona boksi, akaona maandishi yake mwenyewe bado yapo, akafuta mikono kwenye aproni.

"Haya," akasema. "Walikula?"

Nikafungua boksi, nikamwinulia kisahani kimoja cha Pleurobrachia kwenye mwanga, kifuniko kikiwa kimebanwa kwa utepe pande zote. Aliinama, miwani ikashuka puani, akatazama kwa muda. Kisha akarudi ndani kunitengenezea mkate, na safari hii alinawa mikono kwanza.